Nasafiri na Super Nintendo na PS2 kutoka Marekani kuja Dodoma, nizipakie vipi zifike nzima?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Columbus, Ohio, Desemba nakuja nyumbani Dodoma na nataka kuwaletea wadogo zangu gemu zangu za zamani. Kuna Super Nintendo ya Marekani na kaseti zake, PS2 ile nene ya mwanzo, na Game Boy Advance SP. Niziweke kwenye begi kubwa la kukabidhi au niingie nazo ndani ya ndege? Eksirei za eapoti hazitafuta sevu zangu kweli, maana kuna sevu humo nimezitunza tangu niko mdogo? Halafu umeme, nimeshanunua kile kiplagi cha kubadilisha pini, kinatosha?

JIBU: Nzuri kabisa ndugu yangu, na hongera kwa kuwawaza wadogo zako. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote. Hapana, hicho kiplagi hakitoshi, na tafadhali sana usije ukakitegemea. Mashine nyingi za zamani ninazoletewa mezani na mtu akaniambia "fundi hii imeharibikia kwenye ndege", nikifungua nakuta ndege haihusiki kabisa, imefika salama ikaungua sebuleni siku ya kwanza, watu wamekaa wanasubiri gemu.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230. Kiplagi kinabadilisha umbo la pini tu, volti zinapita vilevile. Chaja za simu na laptopu za siku hizi hazina shida kwa sababu zimeandikwa 100-240V, na hapo ndipo watu wanapopotea, wanaona simu imechaji vizuri basi wanadhani kila kitu kitakubali. Adapta ya Super Nintendo ya Marekani ni transfoma ya kizamani, imeandikwa 120V na inatoa volti 10 DC. Ukiichomeka kwenye 230 inaanza kutoa karibu mara mbili yake huku yenyewe inachemka, na mara nyingi inaungua yenyewe kwanza, hapo ushukuru kwa sababu adapta inanunulika. Isipoungua haraka, ule umeme wa ziada unaingia kwenye mashine yenyewe, na sasa hapo tunaongelea fyuzi ya ndani na regyuleta, yaani kile kipande kinachodhibiti volti ndani ya mashine.

PS2 nene ndiyo mtego mkubwa zaidi. Pawasapulai yake iko ndani, na tundu la waya nyuma ni lile la namba nane, sawasawa na la redio nyingi zilizoko majumbani huku. Maana yake ni kwamba hata ukija na transfoma nzuri, siku wewe haupo mdogo wako atachukua waya wa redio, utaingia vizuri kabisa, atachomeka ukutani moja kwa moja, utasikia pah na harufu. Kwa hiyo kabla hujaondoka geuza mashine, soma stika ya nyuma, ikiwa imeandikwa 120V basi chukua tepu ya karatasi, bandika juu ya lile tundu na uandike kwa maka peni "120V TU, TUMIA TRANSFOMA". Wakitaka kucheza waibandue, wakimaliza wairudishe. Hiyo tepu ni muhimu kuliko sponji zote utakazonunua.

Transfoma yenyewe ni ile ya kushusha, 230 kwenda 120, zinapatikana Kariakoo na Dodoma mjini pia ukiulizia kwenye maduka ya umeme. Usichukue ndogo inayolingana kabisa na mashine. PS2 nene inakula kama wati 50, Super Nintendo inakula pungufu ya hapo, sasa wewe chukua ya wati 150 au 200 ifanye kazi bila kujibana, maana hizi adapta za Marekani zimetengenezwa kwa hezi 60 na sisi tuna 50, kwa hiyo hata volti zikiwa sahihi zinapata joto kidogo zaidi. Wakimaliza kucheza wachomoe, wasiache usiku kucha.

Game Boy Advance SP hiyo usiihangaikie. Chaja yake ya Marekani nayo ni ya 120V, iache hukohuko. Nunua ule waya wa USB wa SP, ni bei ndogo, inachaji kwa volti 5 kutoka kwenye chaja yoyote nzuri ya simu.

Sasa kupakia. Mashine zote tatu ingia nazo ndani ya ndege, kwenye begi la mgongoni au kibegi cha mkononi. Begi kubwa la kukabidhi linarushwa, linalaliwa na mabegi mengine, na wakati mwingine maofisa wa usalama wanalifungua ukiwa haupo wakarudisha vitu kivyao, ile sponji uliyoipanga vizuri inabaki pembeni. PS2 nene ina uzito wa kilo 2 na kidogo, Super Nintendo ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hata kama shirika lako linaruhusu kilo 7 tu za mkononi bado unaweza kuzibeba zote mbili ukiacha mazagazaga mengine.

Kitu kimoja ambacho hakiruhusiwi kukaa begi moja na mashine ni adapta na transfoma. Ndani zina chuma, na ikitingishika safari nzima karibu na plastiki ya miaka 30 hiyo ni nyundo umeifungia pamoja na yai. Adapta, waya na padi zote peleka begi kubwa, zifunge kwenye nguo.

Na hapa kwenye plastiki nikae kidogo. Ile plastiki ya kijivu ya Super Nintendo ikizeeka inakuwa kavu, vishikizo vya ndani vinakatika kwa mgandamizo mdogo tu, hata ukiangalia kwa nje huoni kitu, ila ukiitikisa unasikia kipande kinatembea ndani. Kwa hiyo usiikandamize na zipu. Zungushia sponji pande zote, juu na chini pia, sentimita 4 au 5 zinatosha, na usitumie tisheti peke yake kwa sababu nguo inabonyea ikabaki bapa. Toa kaseti kwenye mashine. Watu wanaiacha humo wakidhani inazuia vumbi, kumbe ile kaseti imesimama nje, ikigongwa kidogo inavuta ile soketi yenye pini 62 na ukifika unaanza kuona skrini nyeusi. Kuzuia vumbi, funika tundu kwa karatasi. Chomoa pia waya wa umeme nyuma, kwa sababu ile soketi ya umeme ya Super Nintendo ya Marekani ni ya plastiki na inajulikana kwa kuvunjika, nimeshabadilisha nyingi sana.

Halafu usizungushie waya juu ya mashine wala juu ya padi. Mipira ya waya wa zamani inatoa mafuta yanayoilainisha, ikilala juu ya plastiki ngumu kwenye joto inaiyeyusha taratibu, unafungua begi unakuta mfereji wa umbo la waya umechorwa juu ya mashine na hautoki kwa kusugua. Hata ile plastiki ya mapovu ya hewa usiigusishe moja kwa moja kama mashine itakaa humo muda mrefu. Weka kitambaa cha pamba kwanza, ndio ufuatishe mapovu.

PS2, toa CD iliyomo ndani, hakikisha umeitoa kweli, maana ikiruka humo inakwaruzana na lensi. Zima na ile swichi ya nyuma, trei ikiwa imejifunga, kisha kipande kimoja cha tepu ya karatasi mbele ya trei isifunguke njiani. Usitumie seloteipu, gundi yake inabaki. Memori kadi chomoa, weka kwenye kiboksi kidogo.

Kuhusu eksirei, sevu zako ziko salama. Eksirei ya eapoti haifuti kaseti, haifuti memori kadi, haifuti CD. Kinachofuta sevu za Super Nintendo ni betri. Ndani ya kaseti zinazosevu kuna betri ya kisarafu, mara nyingi CR2032, ndiyo inayoshikilia ile kumbukumbu, na kama ni ya miaka ya 1990 haijawahi kubadilishwa basi inaweza kufa wiki hii ukiwa umekaa hapo Columbus bila kusafiri popote. Kama hizo sevu ni za thamani kwako hivi, kabla ya safari tafuta mtu mwenye kifaa cha kusoma kaseti azinakili kwenye kompyuta, halafu abadilishe betri, kisha azirudishe. Usikubali mtu atoe betri bila kunakili kwanza, ile sekunde anayoitoa ndiyo sevu inapopotea. Za Game Boy Advance nyingi ni tofauti. Mfano Pokémon Ruby na Sapphire zinasevu bila betri, betri yao ni ya saa tu, kwa hiyo ukiona ujumbe kwamba betri imekwisha usishtuke, safari yako kwenye gemu bado ipo.

Kwenye foleni ya ukaguzi huko Marekani mashine kubwa za gemu zinatolewa kwenye begi zinawekwa kwenye trei peke yake kama laptopu, kwa hiyo usizifunge kwa matepu mengi kama kifurushi cha posta. Panga ili uweze kutoa na kurudisha kwa dakika moja bila kugombana na sponji. Betri ya SP ni ndogo sana, kama wati-saa 2 tu wakati mpaka wa kawaida wa betri kwenye ndege ni 100, ila ikague kabla. Ikiwa imevimba, kile kifuniko cha nyuma hakilali sawa, usisafiri nayo, nunua nyingine.

Ukifika Dar, mwezi wa 12 kule nje kuna joto na unyevu, na wewe umetoka kwenye baridi. Ukifungua begi palepale unyevu unatua kwenye chuma na bodi za ndani, huwezi kuuona. Liache begi limefungwa mpaka lizoee joto la chumba, ikibidi lilale hadi kesho yake, ndipo utoe mashine na kuwasha. Kwenda Dodoma, iwe treni ya SGR au basi, kaa nazo miguuni. Buti la basi lina joto, vumbi na mizigo ya watu, na gari binafsi lililoegeshwa juani ni hivyohivyo.

Jambo la mwisho ni TV. Mashine zako zinatoa picha ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, na huku tulizoea mfumo wa PAL, flati skrini nyingi zinakubali zote ila TV ya zamani ya kichogo inaweza kukupa picha isiyo na rangi. Hiyo sio mashine kuharibika, usiifungue. Lakini ukiwasha taa isipowaka kabisa, chomoa, usijaribu mara ya pili wala kuazima adapta ya jirani kwa sababu tu pini imeingia. Pima adapta kwanza kwa mita, na kama hauna mita peleka kwa fundi vyote viwili, adapta pamoja na mashine.