Kubalansi redoksi: hesabu chaji, usibahatishe namba

Nyie mnaoanza elektrokemia, cha kwanza kabisa acheni kubalansi milinganyo ya redoksi (mimenyuko ambayo kitu kimoja kinatoa elektroni na kingine kinazipokea) kwa kubahatisha namba. Mimi nilipoteza karibu muhula mzima hivyo, nabadilisha namba mbele ya kila fomula mpaka atomi zinalingana, napeleka daftari, linarudi na mkasi, na sioni kosa liko wapi. Kumbe kosa lilikuwa kwenye chaji, ambazo sikuwa nazihesabu kabisa.

Angalia hii: Ag⁺ + Cu → Ag + Cu²⁺. Atomi zimelingana, ukiwa na haraka unasema tayari. Lakini kushoto chaji ni +1, kulia +2. Shaba imetoa elektroni 2 na ioni moja ya fedha inapokea 1 tu, sasa ile nyingine imeenda wapi? Haiwezi kupotea, kwa hiyo fedha lazima ziwe 2: 2Ag⁺ + Cu → 2Ag + Cu²⁺. Ukielewa hapa umeelewa redoksi, mengine yote ni mazoezi tu.

Zile ndefu zikate nusu mbili, moja ya kupokea elektroni na moja ya kutoa. Mfano pamanganeti na ioni za chuma kwenye asidi. Nusu ya kwanza MnO₄⁻ → Mn²⁺, anza na oksijeni, ziko 4 kushoto basi weka 4H₂O kulia, haidrojeni zimekuwa 8 kwa hiyo weka 8H⁺ kushoto, ndo sasa hesabu chaji: kushoto −1 na +8 ni +7, kulia +2, unaongeza elektroni 5 kushoto. Nusu ya pili ni rahisi, Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻, zidisha yote mara 5 halafu jumlisha, elektroni zinakatana:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Kagua chaji: +17 huku, +17 huku. Usiruke huu ukaguzi hata kwenye mtihani, nusu dakika tu.

Kwenye besi fanya vilevile kama ni asidi, mwisho ongeza OH⁻ pande zote mbili kwa idadi ya H⁺ zilizopo, zinaungana kuwa maji, halafu punguza maji yaliyojirudia.

Kwenye seli (kifaa chenye elektrodi mbili, redoksi inapotokea) wengi wanakariri alama ya anodi wanachanganyikiwa. Anodi ni elektrodi ambapo oksidesheni, yaani kutoa elektroni, inatokea, basi. Kwenye betri inayotoa umeme ni hasi, kwenye elektrolisisi (umeme wa nje unapolazimisha mmenyuko) ni chanya, ila kazi yake haibadiliki.

Na kosa lingine lililonigharimu maksi: kuzidisha volti. Rudi kwenye fedha na shaba, E° (volti sanifu ya kila nusu, unaisoma kwenye jedwali) ya fedha ni +0.80 na ya shaba +0.34, volti ya seli ni 0.80 − 0.34 = 0.46 V. Fedha tumeiandika mara 2 lakini 0.80 haizidishwi, kwa sababu volti ni nishati kwa kila kiasi cha chaji, elektroni zikiongezeka mara 2 na nishati nayo inaongezeka mara 2, uwiano unabaki uleule.