Kubadilishana biskuti za Krismasi: venye sisi hufanya hapa Kisumu

Dada umeuliza kama hii karamu ya Wamarekani ya kubadilishana biskuti inaweza fanyika kwa nyumba ya kawaida Kisumu, na wenye hawana oveni watafanya aje. Inawezekana kabisa, mimi huifanya kwangu Migosi, lakini anza na hesabu kabla ufikirie mapambo.

Kila mtu anapika aina moja tu, analeta za kutosha wote, anarudi kwake na mchanganyiko. Mkiwa wanane na mmekubaliana sita sita, kila mtu analeta 48, na hapo zake sita zimeshahesabiwa. Ongeza chache za kuonja na chai, juu hakuna mtu atakaa akiangalia biskuti masaa mawili bila kula. Usipite wanane. Mkifika 12 kila mtu anadaiwa 72 na mwenye oveni ndogo ya mezani hatakuambia amechoka, atapitia supamaketi anunue pakiti atoe karatasi alete kwa sahani, na tutajua!

Tarehe nayo usiweke karibu na 25, kuanzia 20 hivi watu wako steji na mizigo wanaenda ushago na nauli imepanda. Mimi huchukua Jamhuri, 12 Desemba, hakuna kazi na watu bado wako tao. Biskuti kavu ukizifunga kwa mkebe usioingiza hewa zinafika Krismasi vizuri tu, shosho atazipata.

Kwa grupu ya WhatsApp kila mtu aandike mapema anapika nini, wa kwanza kuandika ndiye mwenye hiyo aina, la sivyo mtabadilishana kitu kimoja. Kama hujawahi pika, chukua zile za siagi: sukari sehemu moja, siagi mbili, unga tatu, kwa hivyo gramu 150, 300 na 450 zinakutolea kama 48 ndogo. Unga uwe wa ngano wa kawaida, si ule umetiwa bekin pauda tayari, huo unazifanya zitanuke zipoteze umbo. Halafu joto la huku unalijua, siagi inalainika ukiwa bado unakata, so weka donge kwa friji nusu saa kwanza, kisha oveni digrii 170 mpaka kingo zianze kugeuka rangi. Ukiweka kwa friji funika vizuri, siagi inanyonya harufu na kama kuna omena humo, pole. Chokoleti ya kupaka juu achana nayo, itayeyukia kwa matatu.

Sasa wa bila oveni. Kuna ile ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu juu ya jiko la makaa, unaweka treyi ndogo ndani, unafunika, makaa kidogo juu ya kifuniko. Inaiva, sikatai, lakini zinaingia chache kila mara na 48 zitakula mchana wako wote. Mimi huwaambia wapike kashata za njugu ama za simsim, ni sukari na moto tu, njugu unapata soko la Kibuye, na ukweli ni kwamba hizo ndizo huisha kwanza. Ila uliza mapema kama kuna mtoto njugu zinamdhuru, na zifungwe kando kabisa. Hata zile laini usizichanganye na kavu kwa mkebe mmoja, kesho yake zote zitakuwa laini.

Mikebe kila mtu aje na yake, ile ya aiskrimu inatosha. Upike siku moja ama mbili kabla, stima ikienda usiku bado una nafasi. Na shemeji akitokea na mandazi badala ya biskuti mpokee tu, chai itazimaliza.