Maswali na majibu: Kipimo kwanza, kerezo baadaye

Maswali ya safari hii kuhusu kutengeneza vichwa vidogo vya mfano vya treni kwa kerezo (mashine inayozungusha chuma kikatwe kwa kisu) ni mengi, na karibu nusu yake ni swali moja lililovaa nguo tofauti. Nimeanza nalo, na nimelijibu kwa kirefu ili nisilirudie tena.

Shikamoo fundi. Naomba vipimo vya treni ya mvuke nianze kukereza vifaa vyake. (Msomaji, Nkuhungu)

Marahaba. Treni ipi? Treni ni msafara mzima, mabehewa na vyote. Unachotaka kutengeneza ni kichwa. Sasa niambie: kichwa kipi, cha miaka gani, na kwa skeli ipi, yaani chako kiwe kidogo mara ngapi kuliko halisi? Bila majibu ya hayo matatu, namba yoyote nitakayokupa itakuwa ya uongo.

Shika kwanza upana wa reli. Reli yetu ya kati, ile ya zamani iliyofika Dodoma mwaka 1910, ina upana wa milimita 1,000. Wengi wenu mnanunua reli ndogo za milimita 45 kwa sababu ndizo zinazopatikana. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata 1,012. Kwa hiyo skeli yako ni 1:22.5, na ukiifuata kichwa kitakaa vizuri. Lakini reli hizo hizo za milimita 45 wenzetu wa Ulaya wanazitumia pia kwa skeli ya 1:32, kwa sababu reli zao zina milimita 1,435, sawa na SGR inayotuletea abiria Dodoma tangu 2024. Mtu anachukua mchoro wa 1:32, anachonga kichwa cha reli ya kati, anakiweka juu ya reli ya 45. Nimeletewa kazi ya namna hiyo, imekerezwa kwa mkono mzuri kabisa, na kichwa kimesimama kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Hakuna tupa inayoweza kurekebisha kosa hilo.

Ukishajua skeli, nenda ukapime kitu chenyewe. Makumbusho ya Reli ya Nairobi wanacho kichwa namba 3020 kiitwacho Nyaturu, kilichoundwa Glasgow na kampuni ya North British katikati ya miaka ya 1950. Ndiyo, Nyaturu, jina la majirani zetu wa Singida. Kina magurudumu mawili mbele, manane ya kuvuta, manne nyuma. Ukienda, beba futi ya chuma na uiweke bapa juu ya kifaa kabla ya kupiga picha, isiwe mbele wala nyuma yake. Picha isiyo na futi ni ya kutundika ukutani, si ya karakana.

Na usiseme kosa dogo halionekani. Moja ya kumi ya milimita kwenye meza yako ni zaidi ya milimita mbili kwenye kichwa halisi. Jicho linaiona hata kama mdomo hauwezi kusema ni nini kilichokosewa.

Kwenye kichwa cha 1:22.5 natumia nati za M1 (za boliti ya milimita 1). Mbona zinaonekana kama za trekta? (Fundi saa, Majengo)

Kwa sababu ni za trekta. Nati ya kawaida ya M1 ina upana wa milimita 2.5 kati ya pande zake. Zidisha kwa 22.5: ni nati ya milimita 56. Nati halisi ya boliti ya milimita 20 ina upana wa milimita 30, yaani kwako ni 1.33. Tengeneza vichwa vya bandia: chukua fimbo nyembamba ya shaba ya njano, ipige tupa pande sita hadi ifike 1.3, kereza kishina cha 0.6 nyuma yake, kata, chomeka kwenye tundu na ulehemu. Nyuzi hazionekani hata hivyo. Wewe umezoea vitu vidogo kuliko sisi wote, kaka, usikubali kununua kilicho tayari kwa uvivu.

Biti ya 0.75 inakatika kila ninapotoboa. Nimeshamaliza sita. Je, ninunue za bei ghali? (Kizota)

Usinunue kitu. Kwanza angalia biti inavyozunguka. Washa mashine, weka karatasi nyeupe nyuma ya biti na utazame kwa lenzi. Ukiona ncha ina kivuli cha pili pembeni, biti inayumba, na hata ya bei ghali itakatika hapo hapo.

Pili, umeiacha ikiwa ndefu mno. Izamishe kwenye mdomo wa mashine hadi zibaki nje milimita sita au saba. Tatu, mwendo. Biti ya 0.75 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika inakata mita saba tu kwa dakika, na shaba ya njano inaweza kubeba mara kumi ya hapo. Kwa hiyo weka mwendo wa juu kabisa ulio nao, halafu mkono uwe mwepesi. Ingia nusu milimita, toka, futa chengachenga, ingia tena. Mimi huondoa kabisa uzito wa mpini kwa mkono wa kushoto, wa kulia unabaki kuhisi. Shaba inapokatika vizuri, biti inanong'ona. Ikinyamaza ghafla, toa, maana imeacha kukata na sasa inasugua.

La mwisho ndilo lenye kuvunja wengi: biti mpya ina makali yanayojivuta ndani ya shaba yenyewe, hasa inapokaribia kutokeza upande wa pili. Yasugue makali hayo mara moja tu kwa kijiwe laini, ubapa mdogo utokee mbele yake. Itaacha kujivuta.

Hujauliza, lakini nakuambia: umeme ukikatika ukiwa unatoboa, zima swichi kabla ya kugusa chochote. Umeme hurudi bila hodi, na kidole chako kiko pale. Na usivae glavu kwenye mashine inayozunguka. Miwani vaa muda wote, kwa sababu chenga za shaba ni sindano.

Naweza kutoboa matundu hayo kwa keekee ya mkono ya umeme? (Mpwapwa)

Hapana.

Fundi, nahitaji vile vifundo vya kushikilia bomba la mkono (lile la kujishikilia) ubavuni mwa boila, 24 vinavyofanana. Nikitengeneza kimoja kimoja kila kimoja kinatoka na sura yake. (Dada wa Chang'ombe, mwanafunzi wa ufundi)

Swali zuri kuliko yote, dada yangu, na umeshasema tatizo mwenyewe: unavitengeneza kimoja kimoja. Vinavyofanana havitokani na umakini wa jicho. Vinatokana na kifaa kinachokunyima nafasi ya kukosea.

Bomba la mkono la milimita 32 linakuwa 1.4 kwako. Basi kichwa cha kifundo kiwe mviringo wa 2.5, tundu la 1.5, shina la 1.2. Anza na fimbo ya milimita 3. Kosa la wengi ni kukereza mviringo kwanza, halafu wanahangaika kutoboa tundu juu ya kitu cha duara kinachoteleza. Toboa kwanza. Tafuta kipande cha chuma, kitoboe kwa urefu tundu la 3 fimbo iingie bila kucheza, weka kizuizi mwishoni, kisha toboa kwa ubavu tundu la 1.5 lenye kitovu kilicho milimita 1.25 kutoka kwenye kizuizi. Ingiza fimbo, toboa, toa. Kila tundu litakuwa mahali pale pale.

Sasa kisu cha kukatia mviringo. Chukua bapa la chuma cha kutengenezea zana, toboa tundu la 2.5, kisha likate katikati libaki nusu duara. Piga tupa chini ya ukingo ili usisugue. Lichome hadi liwe jekundu kama cheri, lizamishe kwenye mafuta, ling'arishe, halafu lipashe taratibu hadi rangi ya majani makavu itokee ukingoni. Hapo lizamishe tena. Rangi ikipita ikawa ya buluu, umelilainisha, rudia.

Urefu wa kisu ndipo kazi inapoharibikia. Ncha iwe sawasawa na kitovu cha fimbo. Bana futi nyembamba ya chuma kati ya ncha na fimbo, kwa upole. Futi ikisimama wima, uko sawa. Ikilalia kwako juu, kisu kiko chini; ikilalia upande wa pili, kiko juu. Sekunde tano tu, lakini karibu hakuna anayefanya.

Kwa kisu hiki cha umbo, punguza mwendo, maana kinagusa sehemu pana na kikitetemeka utaona mistari kama ya tairi. Kereza shina, sukuma kisu cha mviringo, kata. Na utengeneze 30, si 24. Vidogo hivi vikidondoka sakafuni havirudi.

Shaba chakavu ya kwenye mizani inafaa? (Sabasaba)

Inafaa ukijua unachonunua. Koki nyingi za siku hizi zinang'aa tu. Piga tupa, ukiona kijivu, weka chini, ile si shaba. Koki za zamani za njano ni za kumimina, zina vitobo ndani, na kwenye kifaa cha milimita 2 kitobo kimoja ndicho mwisho wake. Tafuta fimbo zilizovutwa: pini za bawaba, boliti nene, vyuma vya madirisha ya zamani. Fimbo nzuri ya kukereza ina risasi kama asilimia tatu, ndiyo maana chenga zake hukatika fupifupi. Kwa hiyo nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Sasa nisikilizwe. Ukiona kwenye mizani kibao cha namba cha kichwa, kibao cha kiwanda, au beringi ya shaba yenye alama za reli, usinunue ukakiyeyushe. Nimeshaona kibao kimekatwa vipande vitatu ili kiingie kwenye gunia. Namba ilikuwa imebaki nusu. Kile ndicho kilikuwa kipimo chetu, kimeuzwa kwa kilo. Toa taarifa, au angalau kipige picha na futi kando yake.

Mwanangu wa miaka 14 anataka kichwa chake kitembee kwa mvuke wa kweli. Boila nitalehemu kwa ile waya ya kulehemia redio. (Baba, Makole)

Usifanye hivyo, mzee wangu. Waya ile ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Mvuke wa bar 5 una nyuzi 159 au karibu na hapo, na lehemu inalegea kabla ya kuyeyuka. Maji yakipungua ndani, shaba iliyo juu ya moto inapita joto hilo kwa dakika chache. Boila ni shaba nyekundu iliyolehemiwa kwa lehemu ya fedha, yenye vali ya usalama, na hujaribiwa kwa maji baridi kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi kabla moto haujawashwa. Maji hayarushi vipande, mvuke unarusha. Mwambie kijana aanze na kichwa cha kutazama, na mtafute mtu aliyewahi kutengeneza boila awe pembeni kwa kingine. Mtungi wa kizimamoto au sufuria ya presha usigeuzwe boila kabisa.

Nikichapisha vifaa kwa printa ya 3D nimefanya dhambi? (Area C)

Hapana, mradi havishiki mvuke wala moto. Lakini bomba la mkono liwe chuma.

Nimesaga makaa ya kweli nikajaza tenda (behewa la kubebea maji na mafuta au makaa nyuma ya kichwa) la Nyaturu. Nigundishe kwa gundi gani? (Manyoni)

Yatoe. Nyaturu alichoma mafuta mazito, hakuchoma makaa. Unachohitaji ni tangi lenye kifuniko. Rudi kwenye jibu la kwanza.

Kerezo langu linakwaruza tangu Julai. (Veyula)

Ni vumbi. Kiangazi chetu hakileti kutu kama Dar, lakini upepo unaleta mchanga laini unaonata kwenye mafuta ya reli za kerezo na kuyageuza msasa. Futa mafuta yote kwa kitambaa, paka mapya kidogo, funika kwa shuka zito kila jioni. Usipulize kwa kompresa, unausukuma mchanga ndani.

Vichwa vya Reli za Afrika Mashariki vilikuwa na rangi gani? (wasomaji watatu)

Damu ya mzee. Osha kila kifundo kwa petroli nyepesi kwanza, nje, mbali na jiko, na usikiguse tena kwa vidole. Rangi haishiki juu ya mafuta ya kukatia.