Daktari Anajibu: Je, Baridi Yabisi Hufika Moyoni?

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Nina miaka 52, na huu ni mwaka wa tisa tangu nilipoambiwa nina baridi yabisi. Asubuhi vidole hukakamaa hata siwezi kukaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mpaka jua lipande. Maumivu yakizidi hununua diklofenaki dukani. Miezi miwili hii, nikipanda darini kuanika nguo, pumzi hunikatika katikati ya ngazi. Wifi yangu asema ni umri tu. Je, maradhi ya viungo yanaweza kufika moyoni?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, Mama. Ndiyo, yanaweza, na kwa hiyo sikubaliani na wifi yako, ingawa najua amesema hivyo kwa kukutuliza.

Baridi yabisi, ambayo huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, si kuchakaa kwa mifupa. Ni kinga ya mwili iliyogeuka kumshambulia mwenyewe, na uvimbe ule unaouona kwenye vifundo vya vidole huendelea kimyakimya katika kuta za mishipa ya damu, zikawa ngumu na kujaa mafuta mapema kuliko kwa watu wengine. Ndiyo maana wataalamu wa viungo wa Ulaya wameelekeza kwamba hatari ya moyo ikishakadiriwa kwa njia ya kawaida, kwa mgonjwa kama wewe izidishwe kwa 1.5.

Pumzi yako ichunguzwe wiki hii. Mwombe daktari akupime presha, sukari, wingi wa damu na umeme wa moyo, na asikilize mapafu pia, kwani nayo huguswa na maradhi haya. Kipimo cha lehemu, yaani kolesteroli, kisikudanganye: ugonjwa unapochachamaa, lehemu katika damu hushuka, na mgonjwa akapewa majibu mazuri ilhali mishipa yake inaumia. Kirudiwe viungo vikishatulia.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni zile diklofenaki. Hutuliza maumivu lakini hazizimi ugonjwa, na zikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha, huzuia maji na chumvi mwilini na huongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo. Usizinunue tena kabla ya kuonana na daktari. Dawa inayozuia ugonjwa wenyewe, kama methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki na huhitaji kupimwa damu kila baada ya muda, ndiyo inayoweza kuvilinda viungo na moyo kwa pamoja. Hukunitajia kama umewahi kuandikiwa, nami naomba uulizie. Ikiwa unatumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, fahamu kwamba hupandisha sukari na presha, lakini usiiache ghafla, kwa kuwa mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuzimia nguvu.

Kwa upande wa chakula, nazi kwa kiasi haina ugomvi mkubwa nami kama ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na kipande cha ng'onda kisicholowekwa huweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mlo mmoja. Kutembea kutakufaa, lakini moyo uchunguzwe kwanza, ndipo uanze taratibu kandokando ya bahari kuelekea Shela, ukigeuka nyuma kabla hujachoka.

Mshtuko wa moyo kwa mwanamke huenda usije na maumivu makali ya kifua. Huweza kuwa uzito wa taya, maumivu ya mgongo juu, kichefuchefu, jasho baridi, au uchovu usio na sababu, na mwenye baridi yabisi hudhani ni viungo vile vile. Ukipatwa na hayo, mwamshe mtu wa nyumbani akupeleke hospitali, hata kama ni usiku wa manane.