Laibrari za kukodisha kanda ziliuawa na nini? Jibu la aliyekaa kaunta

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza zile laibrari za kukodisha kanda za video mtaani zilipotelea wapi, na karibu wote waliotangulia wamekujibu kwa neno moja: Netflix. Nimesoma nikacheka peke yangu. Netflix ilifunguliwa huku kwetu Tanzania Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 100. Wakati huo laibrari ya mjomba wangu pale Magomeni, Dar, ilikuwa imeshageuka duka la vocha na juisi za pakiti, makasha ya kanda yako darini panya wanazalia humo. Mimi nilikaa kaunta ya duka lile tangu niko sekondari, jioni na likizo, mpaka likafungwa. Nitajibu kwa nilichokiona, mwenye kuona tofauti atanirekebisha.

Kwanza tukumbushane. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka 1994 ITV ilipoanza kurusha. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku Bara mtu aliyerudi Uarabuni na TV pamoja na deki, ile mashine ya kuchezea kanda, alikuwa hana cha kutazama hewani. TV ilikuwa kioo cha kanda tu. Hata vituo vilipoanza, matangazo yalikuwa ya saa chache, na ukishaangalia taarifa ya habari unarudi kwenye deki yako. Ndiyo maana laibrari zilishamiri. Mjini zilitangulia zile za Wahindi, zimejaa sinema za Kihindi za saa tatu, kisha zikashuka uswahilini.

Biashara yote ilisimama juu ya jambo moja: kanda ilikuwa ghali kuinunua na kazi kuinakili. Mjomba alikuwa anainunua Kariakoo kama elfu nane hivi, anaikodisha shilingi mia tano kwa siku. Piga hesabu, ni lazima itoke mara kumi na sita ndipo hela irudi, na hapo hujalipa pango wala umeme. Lakini mteja naye hawezi kutoa elfu nane kwa sinema atakayoiangalia usiku mmoja. Kunakili nako unahitaji deki mbili na waya, na sinema ya saa mbili inanakiliwa kwa saa mbili kamili, hakuna njia ya mkato. Nakala ya nakala inatoka chenga tupu na sauti inavuma. Kwa hiyo mwenye kanda safi alikuwa na mali, na mtaa mzima unalijua hilo.

Wengi wanakumbuka mabango ya sinema yaliyobandikwa ukutani. Mimi nakumbuka daftari. Kaunta ile kazi yake hasa ilikuwa kujua watu. Mteja mpya hapewi kanda mpaka aje na mteja wa zamani wa kumdhamini, au aache kitu: kitambulisho cha kazi, kadi ya benki, kuna mama mmoja aliacha kadi ya kliniki ya mtoto na kesho yake asubuhi akaja mbio anaitaka kabla ya kwenda kupima uzito. Tunaandika jina, nyumba ya nani, jina la kanda, tarehe. Akichelewa, faini. Akirudisha kanda haijarudishwa mwanzo, faini ndogo, ingawa tulikuwa na mashine ya kurudishia yenye umbo la gari ambayo watoto walikuwa wanakuja kuishangaa.

Kesi za faini ndizo zilizonifundisha maisha. Umeme unakatika sinema iko katikati, kanda imebaki tumboni mwa deki, haitoki mpaka umeme urudi. Umeme unarudi keshokutwa. Nani analipa siku hizo? Mjomba alikuwa na msimamo wake: kama na dukani ulikatika, faini inafutwa, kama ulikatika kwako tu, shauri yako na fundi wako. Mwaka wa 2006, ule wa mgao mkali, kesi hizi zilikuwa za kila siku, bahati nzuri wakati huo wengi walishahamia CD.

Wateja wakubwa hawakuwa watu wa majumbani. Walikuwa wenye mabanda ya kuonyeshea video. Mwenye banda anachukua kanda nne za mapigano Ijumaa, anazirudisha Jumatatu zimechakaa, kwa sababu deki yake inafanya kazi kutwa na kichwa chake kimeziba vumbi. Hao tuliwatoza zaidi na wakalipa bila maneno, maana kwenye benchi wamekaa watu sitini. Halafu wakaja watafsiri wa sinema kwa Kiswahili. Mmoja wao, Lufufu, alianza kwa kutafsiri papo hapo bandani, baadaye sauti yake ikaingizwa kwenye kanda yenyewe, na tangu hapo sinema ile ile tukaweza kuikodisha mara mbili: kuna aliyeitaka kavu na kuna aliyeitaka yenye maneno. Bibi yangu, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, alimfahamu kila steringi kwa sifa alizopewa na mtafsiri, na ukimwekea kanda kavu anakwambia hii imeharibika.

Ukungu tusiusahau. Pwani hii unyevu wake haucheki na kanda. Msimu wa masika ukipita unafungua kasha unakuta madoa meupe, na kanda ya namna hiyo ukiitumbukiza kwenye deki unaua deki. Kila mwaka tulitupa kadhaa.

Zikaja VCD, yaani CD za video. Hapa ndipo nitakapopingana na wanaosema teknolojia mpya ilituua, kwa sababu VCD mwanzoni ilitunenepesha. Mashine za Kichina zilishuka bei, kila chumba cha kupanga kikawa na yake. CD haitaki kurudishwa mwanzo na haioti ukungu kirahisi. Tatizo lilikuwa moja, kwamba diski moja inabeba kama dakika 74 tu, hivyo sinema ya kawaida inakuja diski mbili na ya Kihindi tatu. Mteja anarudisha ya kwanza na ya tatu, ya pili iko kwa shemeji yake Mbagala. Mikwaruzo tulikuwa tunaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, msinicheke, ilikuwa inafanya kazi mara nyingi.

Ndicho kipindi cha filamu za Wanaijeria, na baada yao Bongo Movie. Filamu moja ya Bongo ilikuwa inauzwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na kasha lake na bei yake, hata kama hadithi ingetosha kwenye moja. Watu walilalamika huku wanachukua zote mbili. Kwenye makasha kuna maandishi kwamba hairuhusiwi kukodisha, na wasambazaji walituona sisi ni wezi: CD moja tunayoinunua inaangaliwa na nyumba arobaini ambazo zingenunua. Sikubaliani nao mpaka leo. Nyumba arobaini zile zisingenunua, zingesubiri jirani anunue. Lakini naelewa hasira yao, kwa sababu msanii hakupata chochote kwenye mia tano zetu.

Sasa aliyetuua. Alikuwa machinga wa stendi, na silaha yake ilikuwa DVD ya Kichina yenye sinema nane, kumi, wakati mwingine ishirini ndani ya diski moja. Kava ina picha za masteringi wote wamebanana, majina yameandikwa Kiingereza cha ajabu. Ilianza kuuzwa elfu tatu, ikashuka elfu mbili, ikafika mahali unampa elfu na anakuongezea nyingine. Hebu rudi kwenye hesabu ya mjomba. Kukodi sinema mbili ni shilingi elfu moja, unarudisha kesho, ukichelewa faini, na jina lako liko daftarini. Kwa elfu hiyo hiyo, au ukiongeza kidogo, unabaki na sinema nane maisha yako yote na hakuna anayekudai. Mtu atakodi kwa lipi? Bei ya kununua ilishuka ikafika chini ya bei ya kukodi, na siku hiyo laibrari ilikwisha hata kama milango iliendelea kuwa wazi. Hakuna intaneti kwenye hesabu hiyo. Mkongo wa kwanza wa intaneti wa baharini, SEACOM, ulifika Dar Julai 2009, na hata baada ya hapo miaka mingi mtaani kwetu mtu hakuweza kushusha sinema nzima kwa bando lake.

Marekani ilikuwa tofauti, na nadhani ndiko wengi mlikolitoa hilo jibu la Netflix. Kampuni yao ya kukodisha video, Blockbuster, ilikuwa na maduka zaidi ya 9,000 duniani kote mwaka 2004, ikaomba kufilisika 2010, na kweli Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ina mkono wake. Kwetu ni nani aliyewahi kuletewa sinema na posta mlangoni?

Tulipata pumzi kidogo zilipokuja sizoni. Msimu mzima wa tamthilia moja ulikuwa ghali kuununua kwa mkupuo, hivyo watu wakarudi kukodi diski moja moja, na wengine walikuwa wanagonga dirishani saa nne usiku wanataka diski ya nne kwa sababu ya tatu imewaacha pabaya. Mjomba aliamini mambo yamerudi. Akapaka duka rangi upya.

Ikaja flashi. Kijana wa nyumba ya pili ana kompyuta moja na diski kubwa ya nje, unampelekea flashi yako, anakuwekea msimu mzima kwa bei ya soda chache, na dakika kumi umeondoka. Hana makasha wala kanda za kuoza, hana daftari la wadaiwa, na pango lake ni la kibanda cha meza moja. Ndiye huyo huyo ambaye leo bado ameandika kwenye bango lake neno laibrari, ingawa hakuna kinachorudishwa. Ving'amuzi navyo vilichangia, analojia ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 na mwaka uliofuata Azam TV wakaingia, ukapata kukaa nyumbani na chaneli za filamu kwa malipo ya mwezi. Mwaka 2013 huo huo zikaanza stempu za kodi kwenye CD na DVD za filamu na muziki. Akiba yetu ya miaka yote haikuwa na stempu hata moja, na mjomba, ambaye hapendi maswali ya wakaguzi, akaanza kupunguza rafu. Ila hayo yote yalimkuta mgonjwa yuko kitandani.

Kuna kitu kimoja nilikiona mwaka mmoja kabla na sikusoma kwa mtu. Mwigizaji wa Bongo Movie, Kanumba, alipofariki Aprili 2012, watu walimiminika dukani kuulizia filamu zake, na karibu kila aliyekuja alitaka kununua. Ukimwambia ni za kukodi anakuangalia kama umemtukana. Mjomba alishangaa, akaishia kuziuza zile za kwenye rafu, zilizokwaruzwa na zote. Wateja wale wale ambao miaka kumi kabla waliona kununua ni anasa sasa waliona kukodi ni unyonge.

Mtu ataniuliza tumepoteza nini. Kwa upande wa sinema, hakuna. Kijana wa flashi ana nyingi kuliko tulizowahi kuwa nazo, na bei yake ni rafiki. Kwa upande wangu nilikuwa naweza kumwambia mteja "hii usichukue, wewe utalala", kwa sababu nilijua alichukua nini mwezi mzima na alirudisha na uso gani. Huyu kijana hajui jina langu na hana sababu ya kulijua. Mimi binafsi naona hiyo ni hasara, mke wangu anasema ni heri, kwa sababu zamani mtaa mzima ulijua nani anakodi zile za kwenye droo ya chini.

Mwisho, kuna mwenzetu hapo juu ameuliza afanye nini na kanda ya zamani ya harusi ya wazazi wake. Usiitumbukize kwenye deki kwanza. Kwenye ubavu wa kanda kuna kitufe kidogo, kibonyeze ufunue kile kifuniko cha mbele uangalie kwa tochi. Ukiona madoa meupe ni ukungu, iache mahali pakavu penye hewa, siyo juani, na mtafute fundi wa kuisafisha. Deki mpya usihangaike kuitafuta, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016, kwa hiyo zilizobaki ni za mkono wa pili na kichwa kinataka kusafishwa kabla. Wapo wanaohamisha kwa kuunganisha deki na kompyuta. Akikwambia kanda ya saa mbili itakuwa tayari baada ya dakika ishirini, ondoka na kanda yako, kwa sababu kanda inahamishwa kwa mwendo wake ule ule wa kuangalia. Na mwambie akupe faili kwenye flashi mbili tofauti, asikuchomee DVD, kompyuta nyingi za sasa hazina hata pa kuiingizia.