Unataka kuazima ala ya muziki kwa ajili ya igizo? Mwazime na mwenyewe

Juzi dada mmoja, mwalimu huko Njombe, kaniandikia. Anaandaa igizo na wanafunzi wake, anahitaji ngoma ya zamani, na jirani na shule yupo mzee mwenye nayo. Mzee kagoma. "Nimemwahidi hela hataki. Nifanyeje?" Nimeona nimjibu hapa, maana najua mpo wengi mnaotaka jukwaa lenu liwe la kweli, si la maboksi na rangi.

Sisi hapa Iringa tuliigiza kuanguka kwa ngome ya Kalenga, Oktoba 1894, Wajerumani walipoiteka na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akawaponyoka. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwamba katika onyesho la barazani, kabla ya vita, lazima liwepo ligombo. Wenzangu wakashauri tuchukue gitaa tulifunike kitambaa. Gitaa! Mbele ya wazee wa Kihehe! Kwa asiyelijua, ligombo ni ubao uliochongwa ukawa na bonde kama mtumbwi, nyuzi zikapitishwa juu yake kwa urefu, na kibuyu kikawekwa kukuza sauti. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipopita huku kurekodi mwaka 1950 alilikuta likipigwa. Siku hizi kumpata mwenye nalo ni kuulizia kijiji kwa kijiji.

Tukampata babu mmoja, nikaenda na kijana atakayeigiza. Kamwene, kamwene, tukakaa. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno ya hela. Babu hakuyagusa. Aliuliza kitu kimoja: "Usiku litalala kwa nani?"

Nikamjibu, "Kwako, babu. Asubuhi tunawafuata wewe na ligombo lako, jioni tunawarudisha." Akakubali kabla chai haijafika.

Basi, ushauri wangu karibu wote ni huo: azima ala pamoja na mwenyewe. Babu alikuja mazoezini kwa bodaboda, ligombo limeviringishwa blanketi mapajani. Kijana wetu alilishika kama anayepiga picha ya harusi. Babu akamnyang'anya, akamkalisha upya, na kuanzia siku hiyo ile sura ya barazani ikawa na uhai. Akatukataza kuliweka karibu na taa, kwamba joto litapasua kibuyu. Sauti alipiga mwenyewe nyuma ya pazia, kijana akawa anachezesha vidole tu bila kugusa nyuzi. Ukumbi ulijaa, watu wakasimama, na sioni haya kusema lile wazo lilikuwa langu.

Sasa niseme linaloniuma. Baada ya onyesho letu, kikundi kingine cha hapahapa mjini kilikwenda kwa babu, kikajitambulisha kuwa ni wenzetu. Akawapa, tena bila yeye kufuatana nalo, kwa kutuamini sisi. Lilirudi limechelewa, uzi mmoja umebadilishwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Nikikutana nao wananisalimia kwa furaha kabisa.

Vijana wenzangu, hii tabia ya kuona vitu vya wazee kama viti vya kukodi itatumaliza. Mzee akiumizwa mara moja, mlango anaufunga kwa kila msanii, wewe uliye mwaminifu ukiwemo. Azima kwa jina lako. Piga picha kila upande, na ufa uliokuwepo tangu zamani uonekane, mwenyewe akiwa pembeni. Siku ya kurudisha itamkwe mbele ya shahidi. Na ukishukuru watu jukwaani, mtaje mwenye ala kabla ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi hatakufa.

Dada wa Njombe, rudi kwa mzee na mwanafunzi atakayeipiga, hela iache nyumbani, beba sukari. Mwombe aje yeye. Tena kwa baridi yenu ya Juni na Julai, na ule ukungu, ngozi ya ngoma italegea tu. Mwenye ngoma anajua aioteshe moto kwa umbali gani na kwa muda gani. Mwanafunzi ataiunguza.

Sisi tunarudia igizo letu mwaka huu. Babu amekubali tena, ila kaongeza masharti: nyuzi mpya tumtafutie sisi, kijana awe yuleyule, na mtu yeyote akienda kwake kwa jina letu, apige simu kwangu kwanza, babu akisikia.