Wadogo Zangu wa Jukwaani, Punguzeni Kunguruma

Juzi nilikaa meza ya usaili wa Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein kuhusu nabii wa Vita ya Maji Maji, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Vijana wazuri, sauti zipo, miili ipo. Akaingia wa kwanza, akatoa macho, akanguruma. Wa pili akanguruma kumzidi. Aliyefuata akajitupa chini kabla hajatamka neno, akainuka anahema. Wote walituletea nabii; mtu mwenyewe walimwacha nyumbani. Basi nisikilizeni, maana wiki ya mwisho ya mazoezi mwongozaji hana muda wa kuwaambia haya.

1. Soma mchezo mzima. Nasema mzima, siyo mistari yako tu uliyoipaka rangi ya njano.

Hapa naongea kwa uchungu. Nilipopewa Kinjeketile kwa mara ya kwanza, nilinakili maneno yangu kwenye daftari, kitabu nikakirudisha. Kwa hiyo sikujua kwamba kabla sijaingia, wanawake wameshakaa wakaongea kuhusu uhaba wa chakula, na mke wangu ameshalalamika kuwa mumewe anajifungia ndani peke yake. Watazamaji walikuwa wanamsubiri mtu mkimya, mzito, mwenye jambo linalomla. Nikaingia mimi, kama mnadi wa mitumba siku ya kufungua belo.

Onyesho la kutoka mtoni nililipiga kwa nguvu zote. Makofi yakaja, nami nikayaamini. Kumbe ule ni mwanzo tu wa kazi. Baadaye Kinjeketile anagundua kwamba maneno aliyoyatoa akiwa amepagawa yanasema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani amewaunganisha watu wamtoe Mjerumani, halafu wakabidhiwe bwana mwingine? Hapo ndipo mchezo ulipo. Yule mtu anavunjika ndani huku nje wanamwimba. Panataka sauti ya chini, panataka aogope maneno ya kinywa chake mwenyewe. Mimi sauti ilishakwisha. Nikafungua mdomo, ikatoka mikwaruzo. Nikakohoa. Aliyecheza Kitunda, yule kiongozi wa jeshi, akanisaidia kwa kuuliza swali ambalo halimo kitabuni. Sikuweza kulijibu, nikakohoa tena. Mama mmoja safu za nyuma akapaza sauti kwa huruma kabisa: "Jamani, mpeni maji!"

Kwenye mchezo wa Maji Maji. Ukumbi mzima ulicheka, na wenzangu jukwaani walicheka, mmoja akageuka ukutani mabega yanamtikisika. Vita ilipoanza bado kuna watu walikuwa wanafuta machozi. Wapo wanaoniita Mpeni Maji mpaka leo.

Nikikuambia tunza sauti yako isije ikaishia onyesho la kwanza, usidhani nakuonea wivu.

2. Uliza anataka nini, kwa nani, na nini kinamzuia. Stanislavski, yule Mrusi aliyeshirikiana na mwenzake kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, alimtaka mwigizaji ajiulize: ingekuwaje kama mimi ndiye niliye mahali hapa? Mnalikariri hilo kwa ajili ya mtihani, mkipanda jukwaani mnaliacha kwenye begi. Chukua onyesho la gerezani: Kinjeketile anatakiwa akane nguvu ya yale maji, anakataa. Anataka nini? Ukinijibu "anataka uhuru" nakurudisha kwenye foleni, kwa sababu uhuru hauchezeki. Kumzuia askari asipate neno analolitaka, hilo linachezeka. Kumfanya Kitunda aelewe kabla hawajachukuliwa, hilo pia.

3. Fanya utafiti, kisha ufunge daftari. Kinjeketile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, Wajerumani wakamnyonga 1905, na vita ikaendelea hadi 1907. Yajue hayo. Lakini Ebrahim Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa mchezo wake wa 1969 ni wa kubuni. Kijana mmoja alikuja na kurasa nne za tarehe. Nikamuuliza, "Huyu bwana asubuhi ya leo amekula nini?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Simulizi zinasema alilala ndani ya maji akatoka mkavu. Basi niambie huyo mtu anakanyagaje ardhi tena, magoti yanamwamini? Nilimpa nusu saa akajaribu kutembea tu. Mara ya mwisho alisimama, akaigusa nguo yake taratibu, kiganja kizima, akakiangalia kiganja. Hakunguruma. Nikaandika jina lake.

4. Wanaocheza wakulima, kalimeni. Mnashika jembe kwa ncha za vidole halafu mnaniambia mmelima shamba la Mjerumani tangu alfajiri.

5. Mlevi anajitahidi atembee vizuri. Mzee anajitahidi fimbo isionekane. Ya kujipaka dawa ya mafua ili machozi yatoke nilishayasema mwaka jana na sirudii.

6. Msikilize mwenzako. Ukisubiri zamu yako ya kusema, tunakuona.

7. Utakachovaa siku ya onyesho, kivae tangu wiki ya kwanza. Jinzi inakupa mwendo wa jinzi. Nimewahi kuongoza Kitunda aliyepewa shuka siku yenyewe, akapigana vita nzima mkono mmoja mkuki, mkono mwingine kiunoni, na alipotakiwa aamuru jeshi kwa mikono miwili, akaamuru kwa kidevu.

Mazoezi saa tisa. Siyo tisa na nusu.